Moshi wa Mashambani Hautazimwa kwa Faini

Kila mwaka, masika yanapokwisha na mpunga wa Usangu unapoanza kuingia maghalani, anga la Nyanda za Juu Kusini hubadilika. Milima iliyoonekana waziwazi mwezi Mei hufifia, jua huchwa likiwa jekundu kama kaa, na mkazi wa Jiji la Mbeya hufungua mlango alfajiri akapokewa na harufu ya majani yaliyoungua. Hali hii imezoeleka mno, hata wengi huihesabu kuwa ni sehemu ya kiangazi, kama ilivyo baridi na vumbi. Sisi hatuyakubali mazoea hayo. Baridi huletwa na Mwenyezi Mungu. Moshi huu huwashwa kwa kiberiti.

Mwananchi wa Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, aweza kudhani kwamba habari hii ni ya watu wa Mbeya, yeye haimhusu. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kupita zote katika nchi yetu. Mahali pengi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata Juni na Julai manyunyu hayakatiki. Migomba yake ni ya kijani mwaka mzima, na chai yake haijui kiangazi kirefu. Lakini ufikapo mwezi wa Septemba, mwananchi huyo akiinua macho kuelekea kaskazini, ulipo Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, yawezekana kabisa akaona mstari wa moto ukipanda mteremkoni. Mfugaji ametaka majani machanga kwa ng'ombe wake, au mrina asali ameacha mwenge wake ukiwaka, au mkulima wa viazi amesafisha shamba lake mchana wenye upepo. Moto huo hausomi kibao cha mpaka wa hifadhi.

Na hifadhi hiyo si kitu kidogo. Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Katika misitu yake anaishi kipunji, kima ambaye wenyeji walimjua tangu zamani lakini wanasayansi walimtangaza ulimwenguni mwaka 2005 tu. Kubwa zaidi kuliko kima, misitu hiyo na ile ya Uporoto ndiyo inayonyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo katika vijito na mito inayoteremka hadi Ziwa Nyasa. Anayeishi Bulyaga na kunywa maji ya bomba asisahau maji hayo yanatoka wapi.

Sasa tuutazame upepo, kwa maana ndio unaoamua ni nani atakayeuvuta moshi wa nani. Kuanzia Aprili hadi Septemba nchi yetu hupigwa na kusi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalifahamu vizuri kuliko sisi. Ndilo lililorejesha majahazi kwao kutoka Kilwa na Komoro. Huku bara upepo huo wa kutoka kusini na mashariki hupanda miteremko ya Rungwe ukitokea Ziwa Nyasa, ukamwaga unyevu wake Tukuyu, kisha ukavuka Uporoto ukiwa mkavu na kushuka katika bonde la Mbeya. Jiji hilo limekaa kama nafaka ndani ya chungu, Uporoto upande mmoja na kilele cha Loleza upande wa pili. Usiku wa Juni na Julai hewa ya baridi huteremka kutoka milimani kote kuwili ikatulia bondeni, na juu yake hukaa hewa yenye joto kidogo kama kifuniko. Moshi wowote uliowashwa jioni hubaki hapo hapo mpaka jua lipande. Moshi huo ni wa mashamba ya pembeni mwa jiji, wa vichaka vya milimani, wa matanuri ya matofali yanayochomwa kwa pumba za mpunga, wa majaa ya taka. Na siku ambazo upepo unavuma kutoka mashariki, ni wa Usangu vile vile.

Hapo ndipo msomaji wa visiwani atakapouliza: kama kusi linapeleka moshi wenu mbali na bahari, sisi yatuhusu nini? Swali ni la haki, nasi tunalijibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba upepo haufuati njia moja siku zote. Mwezi Septemba mwaka 2000, wanasayansi waliokuwa katika utafiti uliopewa jina la SAFARI 2000 waliona moshi wa mioto ya nyika na mashamba ya kusini mwa Afrika ukitiririka kama mto hadi juu ya Bahari ya Hindi. La pili ni karibu zaidi na meza. Ingawa mchele mwingi unaoliwa Zanzibar hutoka ng'ambo, mchele wa Mbeya na wa Kyela una wapenzi wake katika masoko ya Unguja na Pemba, nao hutafutwa kwa harufu yake. Anayekula wali huo ameshiriki shamba. Kila gunia la mpunga linalovunwa huacha nyuma mabua ambayo uzito wake hulingana nalo au hulizidi, na mabua hayo ndiyo tunayoyazungumza leo.

Kuhusu afya hatutasema mengi, kwa sababu hakuna anayebisha. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake ya mwaka 2021, lilishusha kiwango cha chembechembe zile ndogo kabisa, zisizozidi upana wa mikromita mbili na nusu, hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo wa hewa kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa siku moja. Chembechembe hizo hazizuiliwi na pua wala koo. Hufika ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Shirika hilo hukadiria kwamba uchafu wa hewa, ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja, huua watu wapatao milioni 7 duniani kila mwaka. Wanaotangulia kuumia ni watoto wachanga, wazee, na wenye pumu.

Serikali yetu haikuulalia usingizi moshi wa jikoni. Mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Tunaupongeza mkakati huo kwa moyo mmoja. Lakini mama wa Uyole aliyeacha kuni akanunua mtungi wa gesi, kisha akafungua dirisha mwezi Agosti ili apate hewa, amefaidika nini? Moshi aliouondoa mafigani unamrudia kwa dirishani. Moshi wa jikoni una mkakati, una lengo na una mwaka wa kufikia lengo. Moshi wa shambani una matamko tu, tena matamko ya vitisho.

Tumewasikia baadhi ya viongozi wakisema majukwaani kwamba mkulima huchoma kwa ujinga. Kauli hiyo ni nyepesi kuliko moshi wenyewe. Watu wa Rungwe walijua kutochoma kabla shule haijajengwa katika wilaya hiyo. Kilimo cha Wanyakyusa kilijulikana kwa matuta makubwa ambayo chini yake majani yaliyolimwa hufukiwa yakaoza na kuwa mbolea, na kwa migomba inayolishwa samadi na takataka za nyumbani miaka nenda miaka rudi. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita huko mwaka 1879, aliondoka akiisifu nchi hiyo kwa unadhifu na neema yake. Kule Mbinga, Wamatengo wana ngoro zao: hufyeka majani, huyapanga kwa miraba juu ya mteremko, huyafunika kwa udongo, na katikati huacha shimo la kunasa maji ya mvua. Mteremko ambao ungekwisha kusombwa na mvua umelimwa hivyo kwa vizazi kadhaa. Mtu anayeweza kubuni ngoro hawezi kuitwa mjinga na afisa aliyefika juzi kwa gari.

Basi kwa nini kiberiti? Kwa sababu kufukia majani ni kazi ngumu, na mikono ya kuifanya imepungua. Vijana wako shuleni, wako mjini, wako juu ya pikipiki. Mzee aliyebaki na ekari mbili na jembe moja hupiga hesabu: kufukia ni siku nyingi za kuinama, kuchoma ni alasiri moja. Tena moto unamlipia. Huua wadudu na magugu, hufukuza panya na nyoka, na huacha majivu ambayo kwa msimu mmoja huzifanya mbegu zionekane zimependeza. Huko Usangu jambo limezidi tangu mashine za kuvuna zilipoingia mashambani. Zamani mpunga ulikatwa kwa mundu, ukapigwa mahali pamoja, na mabua yakabaki chungu moja ambayo ng'ombe waliweza kuijia. Mashine hukata, hupura na kutawanya mabua shamba zima, mengine yamesimama na mengine yamelala. Kuyakusanya kwa mkono ni adhabu. Mkulima aliyekodi mashine ili apumzike hawezi kuambiwa aanze kuokota unyasi mmoja mmoja.

Hayo ndiyo yaliyozikuta nchi nyingine, nasi hatuna haja ya kurudia safari yao hatua kwa hatua. Jiji la Delhi, nchini India, hufunikwa na moshi kila Oktoba na Novemba, na sehemu kubwa ya moshi huo wa siku hizo hutoka katika mashamba ya mpunga ya Punjab na Haryana. Mwaka 2009 Punjab ilitunga sheria ya kuokoa maji ya ardhini, ikawazuia wakulima kupanda mpunga mpaka mwezi Juni. Nia ilikuwa njema. Lakini kupanda kulipochelewa na mavuno yakachelewa, mkulima akabakiwa na wiki mbili tatu tu za kuondoa mabua kabla ya kupanda ngano, naye alikuwa amekwisha kuvuna kwa mashine. Akachoma. Mwaka 2015 mahakama ya mazingira ya nchi hiyo ikapiga marufuku na kuweka faini, moto ukaendelea. Ni mwaka 2018 ambapo serikali kuu ilianza kutoa ruzuku ya mashine za kuchanganya mabua na udongo, nusu ya bei kwa mkulima mmoja mmoja na asilimia 80 kwa vikundi vya ushirika. Hatusemi kwamba Delhi imepona, haijapona. Tunasema kwamba marufuku ilitangulia na msaada ukafuata, na miaka iliyopotea katikati ilivutwa na watoto wa Delhi.

Wala hatuhitaji kwenda India ili kujua mwisho wa kilimo cha amri. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi katika milima yao, kwa faini na vitisho. Kitaalamu palikuwa na hoja ndani yake, kwani udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini kazi ilikuwa kubwa, faida haikuonekana, na aliyekataa aliadhibiwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Kinyume chake ni Shinyanga, ambako mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulizitumia ngitili, yaani malisho ya akiba ambayo Wasukuma wenyewe walikuwa wakiyatenga tangu zamani, na maelfu kwa maelfu ya hekta zikarudi kuwa na miti. Mpango mmoja ulimwona mkulima kuwa mkosaji. Mwingine ulimuuliza anajua nini.

Tunazo sheria za kutosha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti juu ya uchomaji wa majani na vichaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na kanuni zake za ubora wa hewa zilitoka mwaka 2007. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Mazingira ya mwaka 2015. Kinachokosekana ni kumfanyia mkulima hesabu nyingine tofauti na ile ya alasiri moja.

Hesabu hiyo ipo, tena Serikali yenyewe ndiyo ingepaswa kuipigia mbiu. Mabua ya mpunga yanapoungua, karibu naitrojeni yote iliyomo hupanda hewani. Miezi michache baadaye mkulima yule yule hupanga foleni kununua mbolea ya chumvichumvi ili airudishe shambani naitrojeni aliyoichoma. Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea hiyo, jambo lililowapunguzia wakulima mzigo mkubwa. Basi tuambizane ukweli: Hazina inalipia mfuko ambao sehemu yake imepaa kama moshi. Shilingi inayotolewa kuyarudisha mabua udongoni isionekane kuwa ni sadaka kwa mazingira. Ni ruzuku ya mbolea kwa njia nyingine.

Aidha mabua ni mali hata nje ya shamba. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, na kila kiangazi wenye ng'ombe hao huhangaika kutafuta majani. Usangu, upande wa pili wa milima, yanachomwa majani ya kujaza maelfu ya mabanda. Ni kweli kwamba mabua ya mpunga peke yake ni chakula duni. Lakini yakikatwakatwa, yakachanganywa na molasi au yakatiwa urea kwa kipimo cha mtaalamu, ng'ombe huyala na kupita nayo kiangazi. Inakosekana mashine ya kuyafunga marobota, na lori la kuyapandisha mlimani. Malori yanayoshuka na ndizi na viazi kutoka Tukuyu mara nyingi hurudi matupu.

Katika hili wenzetu wa visiwani wana la kutufundisha. Pemba karafuu ikichambuliwa makonyo hayatupwi. Kipo kiwanda cha makonyo huko Wawi, Chake Chake, kinachoyakamua mafuta yanayouzwa ng'ambo. Mnazi nao hauachi kitu: makuti huezeka, makumbi huozeshwa na kusokotwa kamba, vifuu huwa kuni au upawa. Watu waliozoea kuona thamani katika konyo la karafuu hawatashangaa kuambiwa kwamba bua la mpunga ni bidhaa. Lakini nao wajitazame. Katika maeneo ya maweni ya kusini na mashariki ya Unguja, na kule Micheweni, kichaka bado hukatwa na kuchomwa ili kupata shamba la misimu michache juu ya udongo ulio haba kama chumvi katika mchuzi wa mgonjwa, na moto huo huweza kuikimbilia misitu iliyosalia. Haina maana kulitazama tatizo la Mbeya kana kwamba ni habari ya nchi ya mbali.

Na Jiji la Mbeya lisijifanye kuwa ni mtu aliyeonewa tu. Wakazi wake, waliokuwa zaidi ya laki tano katika sensa ya mwaka 2022, huchoma taka uani na pembezoni mwa masoko, mifuko ya plastiki ikiwa ndani yake. Moshi huo ni mbaya kuliko wa mabua. Itakuwa vigumu kumfuata mkulima wa Igurusi na daftari la faini ilhali nyuma ya ofisi ya kata dampo linafuka.

Rai yetu kwa viongozi ni hii. Halmashauri za Mbarali, Rungwe, Busokelo na Mbeya zikae pamoja, maana moshi hauzitambui mipaka yao. Sehemu ya ushuru wa mazao inayotokana na mpunga irudi shambani kwa jina lake: inunue mashine za kufunga mabua na za kuyachanganya na udongo, zikabidhiwe vyama vya msingi vya ushirika vizikodishe kwa bei ambayo mwenye ekari mbili anaimudu. Anayekodisha mashine ya kuvuna ashurutishwe kwa leseni yake kuwa na kifaa cha kukatakata mabua nyuma yake. Hapo sheria itakuwa imemshika mwenye nguvu badala ya mzee mwenye jembe. Mabwana shamba wapelekwe Mbinga wakajifunze ngoro kwa wenye ngoro, na wakirudi Rungwe wawatafute kwanza wazee ambao bado wanafukia majani.

Pale ambapo moto hauepukiki, na tunakiri kwamba papo, uchomwe kwa kibali cha kijiji na kwa zamu, asubuhi baada ya umande kukauka na hewa kuanza kupanda, kukiwa na njia ya kuzuia moto iliyosafishwa na majirani wamearifiwa. Vijiji vyote visichome wiki moja. Na katika miteremko ya Mlima Rungwe pasitolewe kibali hata kimoja. Vile vile vipimo vya hewa ya Mbeya vitangazwe redioni kila asubuhi ya kiangazi kama unavyotangazwa utabiri wa mvua, ili mwalimu ajue siku ya kutowatoa watoto uwanjani, na mwenye pumu ajue siku ya kukaa ndani.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Siku hizo hizo mpunga wa Usangu huwa umekatwa na mabua yanakauka. Fedha itakayoombwa baada ya moto wa kwanza kuonekana itafika wakati mvua za Novemba zimekwisha kuuzima moto wa mwisho, na fungu litarudishwa Hazina likiwa halijatumika. Kwa hiyo madiwani waliingize jambo hili katika makisio wanapokaa mwanzoni mwa mwaka, mpunga ukiwa bado majini na anga la Mbeya likiwa bado jeupe.